Vema ya Mwezi wa Sita

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe tisa Machi, siku ya mia ya mtoto, ambayo kwetu China husherehekewa. Mayai mekundu ya sherehe yalikuwa mezani, majirani wamejaa.

Bibi yake, aliyemzika binti yake aliyefariki akimzaa mtoto huyu, alimshika mjukuu mikono akamwinua akae. Kichwa kikabaki nyuma, kinaning'inia kama cha kuku aliyechinjwa.

"Baba mtoto, shingo gani hii?"

"Kliniki walisema mzima, mama. Wameandika."

"Karatasi ndiyo itamshika kichwa?"

Guofu, baba wa mtoto, akafungua kijitabu cha kliniki. Shingo imekaza: alama ya vema. Akafunua mbele. Mwezi wa sita, anakaa mwenyewe: vema. Mwaka mmoja, anatembea: vema. Wino uleule, mkono uleule.

Akampigia nesi aliyekijaza, akamsomea vema hizo.

"Kaka Guofu, nina nyumba mia mbili za kuzungukia, nami niko peke yangu!"

"Sijauliza nyumba. Mwanangu ulimwinua lini?"