Kiganja cha Msindikizaji

Siku hizi kwenye uwanja wa ndege huulizwi umebeba nini. Anayekusindikiza huweka kiganja kwenye kioo, na moyo wake usipotikiswa na kuondoka kwako, wewe unawekwa kando upekuliwe. Wanasema asiye na wa kumlilia ndiye wa kuogopwa.

Mwantumu alikuwa hoi kwa safari za kikazi, lakini alikuwa hajapata kupekuliwa hata siku moja. Mumewe, Shekue, akaweka kiganja huku akipiga miayo. Taa ikawaka nyekundu.

“Kioo kichafu hiki,” akasema, akikifuta kwa pindo la kanzu. Akaweka tena. Nyekundu.

“Pita huku, mama,” askari alimwambia Mwantumu kwa upole uliochoka.

Akavua viatu, akainua mikono. Alipogeuka kumtazama mumewe, Shekue alikuwa bado anasugua kioo, wala hakuinua macho.