Kitufe cha Kutupa

Nashoni alikuwa ameshakufa mara nne tangu chai ya asubuhi. Alipokufa mara ya tano, aliitupa simu juu ya gunia la mahindi.

"Mkoba wako ni wa kijinga," alisema.

Tabitha aliiokota simu, akapangusa kioo kwa ncha ya khanga. Baba mdogo ni baba, kwa hiyo aliuma ulimi, lakini damu ilikuwa inamchemka. Alikuwa ameutengeneza mchezo huu kwa miezi minne, kila jioni akitoka kufundisha, na miwili kati ya hiyo ilikwenda kwenye mkoba peke yake.

"Una ubaya gani?"

"Unaniuliza maswali wakati nakufa."

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mchimbaji anashuka kwenye duara, shimo la dhahabu kama yale ya Nyakunguru walikozaliwa wote wawili. Mkoba wake una nafasi kumi na mbili: sururu, tochi, maji, na mawe yanayojipanga yenyewe. Mzigo ukizidi, mstari wa uzito unakuwa mwekundu. Ukuta ukianza kumomonyoka, ana sekunde sita za kupanda kwa kamba, na mwenye mzigo mzito hafiki juu. Inabidi atupe mawe.

"Nimebonyeza kutupa," Nashoni alisema. "Mkoba unaniandikia, 'Una uhakika?' Udongo unanimwagikia kichwani, na mkoba unataka tuongee."

"Mkoba mzuri haupotezi mali ya mtu kwa bahati mbaya. Kidole kikiteleza ukatupa jiwe lenye dhahabu, utanitukana kuliko hivi."

"Mtu wa chini akishasema anatupa, aachwe atupe."

"Ni sekunde moja tu, baba mdogo."

"Sekunde moja." Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatoka jikoni. "Wewe unaijua sekunde moja?"

Alimwonyesha viganja vyake. Tabitha aliyajua yale makovu tangu akiwa na miaka kumi na tatu, na Nyakunguru nzima iliyajua. Siku ukuta wa duara ulipomwangukia Simioni, baba yake Tabitha, Nashoni ndiye aliyekuwa juu kwenye winchi ya kuvutia kamba. Aliivuta kamba mpaka ikamla nyama, wakambandua kwa nguvu. Baada ya mazishi alihamia Nyarero kulima mahindi, na Nyakunguru hakurudi tena.

"Halafu wa juu yuko wapi?" aliuliza.

"Wa juu yupi?"

"Wa kwenye winchi. Duara halina mtu mmoja. Wa chini haachii mzigo kwenye kamba mpaka wa juu amwambie 'achia', maana huenda kuna mwenzake chini yake. Si umekulia pale?"

"Nimemtoa. Mchezo ni wa mtu mmoja, angewachanganya wachezaji."

"Umemtoa," Nashoni alisema. "Basi umemfanyia hisani."

Tabitha hakulielewa jibu hilo, na hakutaka kulielewa. Alikuja kutafuta baraka, si kusimangwa. Mchezo ulibeba jina la baba yake, Duara la Simioni, na Ijumaa angeupeleka Musoma mbele ya majaji wa mashindano.

"Na haya maneno uyafute," Nashoni aliendelea, akigonga kioo kwa ukucha. Mchimbaji alikuwa amelala chini ya kifusi, na juu yake yaliwaka maandishi mekundu yaliyotokea kila alipokufa: TAMAA MBELE, MAUTI NYUMA.

Hapo uvumilivu wa Tabitha ulikatika.

"Siyafuti. Miaka kumi na moja nimeimbiwa maneno hayo. Kisimani, shuleni, mpaka kanisani. Binti wa yule aliyeng'ang'ania kiroba cha mawe mpaka kikamzika. Mama ameyameza mpaka amekufa nayo. Nilimchukia baba, na bado namchukia. Kamba ilikuwa mkononi mwako, angekiachia tu kile kiroba ungemtoa akiwa hai. Alipenda mawe kuliko sisi. Watoto wa machimboni watacheza mchezo huu, na watajifunza kutupa."

Tabitha alijua neno lake limeingia, na hakujuta.

Kisha mzee akanyoosha mkono, akaichukua simu.

Alicheza mara ya sita. Alishuka, akachimba, akajaza mkoba mpaka mstari ukawa mwekundu. Ukuta ulianza kumomonyoka. Kidole chake kinene kikabonyeza kitufe cha kutupa, na swali likatokea pale pale katikati ya kioo. Safari hii hakulijibu. Aliliangalia tu, huku mchimbaji akining'inia kwenye kamba na mzigo wake, akisubiri.

Kifusi kilishuka. Maandishi yakawaka.

"Yafute, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeishiwa ugomvi. "Simioni aliita. Alisema, 'Nakiachia.' Akatulia kwenye kamba kusubiri neno langu."

"Nani alisema? Watu wote wanasema aling'ang'ania."

"Wameyatoa kwangu." Nashoni aliilaza simu juu ya gunia, kioo kikiangalia chini. "Kiroba cha siku ile kilikuwa na jiwe moja linalong'aa dhahabu. Nilikuwa nimeliona asubuhi. Basi nikainama mdomoni mwa duara, nikamuuliza, 'Una uhakika?'"