Jibu la Kwanza

Siku hizi anayetaka kuacha pombe hatibiwi na mtu. Anatibiwa na Mshauri wa kwenye simu, na jibu la kwanza ndilo linaloandikwa. Kila asubuhi Mshauri humuuliza Hiza, fundi cherehani, "Habari za leo?" Hiza hujibu, "Nzuri." Kabla hajafika kwenye "lakini," simu imeshamwandikia siku njema na kukata.

Mkewe, Mwanaidi, alikuwa ameichoka hiyo nzuri mpaka basi.

"Baba Rehani, si useme tu mbaya?"

"Unasalimiwa, unajibu mbaya? Mimi sikulelewa hivyo."

"Siyo mtu, ni simu."

"Imenisalimia."

Siku ya kumi Mshauri alimpongeza Hiza kwa kupona, akafunga jalada lake. Hiza alikuwa anatunga uzi, mikono inamtetemeka, tundu la sindano halioni. Mwanaidi akampokonya sindano, akafoka kwamba nyumba hii itakufa kwa adabu.

Jirani akabisha hodi. "Mama Rehani, habari za hapa?"

Mwanaidi akasimama katikati ya mlango, akamziba mumewe asionekane.

"Nzuri tu, shoga," alisema. "Za kwako?"