Koti la Ngolo Mferejini

Koti jeusi la Ngolo lilifika mferejini kabla ya watu wengine, likaanza kazi kule juu kwenye korongo, ambako hakuna anayependa kuchimba.

Wanaume wa kitongoji walipofika na majembe yao, walikuta tope limeshapangwa ukingoni. Kofia ilikuwa imevutwa mpaka kwenye nyusi. Kitambaa kimezungushwa mashavuni, kama mtu anayeumwa jino.

"Ngolo, kumbe upo," alisema Faustine, jirani yake wa shamba. "Tulisikia umekimbilia machimboni, mke na kichanga umewatupa."

Kofia ilitikisika: hapana.

"Unaongeaga mpaka ng'ombe wanachoka. Leo jino limekuweza."

Watu wakacheka. Mzee Pastory, msimamizi wa maji, hakucheka. Alipita akikagua, fimbo mkononi. Mfereji ule waliuchimba babu zao, na sheria yake haijabadilika: siku ya kuzibua, kila nyumba inatoa mwanaume. Isiyotoa, mdomo wa kuingizia maji shambani kwake unazibwa kwa mawe mpaka masika. Vitunguu vya Ngolo vilikuwa vimeanza kunyauka, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kupeleka sokoni Bunda.

"Na Prudence, mkeo, akae ndani," alisema Pastory, amesimama ukingoni. "Mzazi akikanyaga humu kabla ya arobaini, maji yanakimbia. Unajua."

Kofia iliinama.

Jua lilipochomoza, mtoto akaanza kulia kutoka nyumbani kwa Ngolo. Jembe likasimama hewani. Kilio hakikukoma.

"Mama yake yuko wapi?" Faustine aliuliza. Kisha akalitazama koti. "Na wewe umelowa jasho kifua kizima, na baridi hii. Hilo jino litakuua, baba. Nenda."

Pastory akapima kipande kilichozibuliwa kwa fimbo yake, akaridhika.

"Nyumba ya Ngolo imetoa mtu. Mdomo wake muuache wazi."

Koti likapanda njia ya nyumbani, buti zikipwaya. Nyuma yake maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye vitunguu.

Mlango ulifungwa kwa komeo. Buti zikavuliwa, yakatoka matambara yaliyojazwa ndani. Kofia ikawekwa juu ya kitanda. Prudence akafungua vifungo vya lile koti lililolowa, akampakata mtoto, akamnyonyesha.