Swali la Kwanza

Siku hizi kila nyumba, hata kila ofisi, ina kipimo cha moyo. Mume anaweka kiganja, mke anauliza, kipimo kinajibu kwa asilimia. Ila kila swali huugeuza moyo kidogo, na swali linalofuata hukuta moyo mwingine. Ndiyo maana mimi huanza na langu, "Ananipenda?", ndipo niulize kuhusu yule Zamzam wa ofisini kwa mume wangu Shaweji, anayechekacheka hovyo.

Jana nilipata tisini. Leo Shaweji karudi kutoka kazini, kaweka kiganja, nikapata arobaini.

"Kimeharibika hiki, mke wangu," akasema, akijifuta mkono kwenye shati.

Nikakiuliza kipimo kulikoni.

"Sina hitilafu," kikajibu. "Kwa moyo huu, swali lako ni la pili leo."