Usimtaje Mbwa

Mlango wa nne ulipofungwa, fundi saa alikuwa bado amelikumbatia bakuli la mbwa kifuani, na Karani mwenyewe ameketi chini akiutazama ule mlango kama anayeamini utafunguliwa tena.

Karani ndiye mbwa. Jina alipewa na marehemu mke wa fundi, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikaa kizingitini kuangalia nani kaingia na nani katoka, asimruke hata mmoja. Sasa nyumba waliyopanga miaka kumi na moja ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya aliitaka tupu kufikia Jumamosi. Fundi hakuwa na shida ya pa kulala yeye. Angejibana ndani ya kibanda chake cha saa sokoni, juu ya masanduku, mpaka apate pengine. Lakini soko lina sheria zake: mbwa akikutwa humo, watu wa usafi wanaondoka naye, na hakuna aliyewahi kumwona mbwa aliyerudi.

Dada yake alisema ana pumu. Rafiki yake wa ujanani alisema yeye hana neno, ila mama watoto hataki. Mwokaji alisema mbwa na unga haviivi chungu kimoja. Daktari wa mifugo alikuwa na nafasi, lakini kwa wagonjwa tu, na Karani alikuwa buheri wa afya.

Mlango wa tano ulikuwa wa shemeji yake, kaka wa marehemu. Fundi aliuacha wa mwisho kwa haya, maana shemeji alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto wawili, na yeye mwenyewe alikuwa akitafuta pa kuhamia mwaka wa pili sasa. Cha ajabu, huyo ndiye aliyekubali. Alikuna kichwa, akamtazama mkewe, akasema sawa, mwezi mmoja, na mbwa alale nje.

Fundi alishukuru mpaka akaona aibu. Alipoondoka hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akigeuka atarudi.

Ikaanza kazi ya kutafuta nyumba. Dalali alimzungusha huku na huko, na kote fundi alisema ukweli wake: mimi na mbwa wangu. Kote aliambiwa karibu wewe, mbwa hapana. Nyumba sita, jibu moja, utadhani wenye nyumba walikaa kikao. Kila Jumapili alikwenda kumwona Karani, akampelekea mifupa, akamsimulia shemeji masaibu yake. Alikuta Karani halali nje tena. Watoto wamemgeuza mto. Yule mdogo alimwambia kwa fahari kwamba Karani wetu siku hizi anatoa mkono. Fundi alicheka, lakini moyo ulimuuma.

"Shemeji, unajimaliza mwenyewe," shemeji alimwambia. "Usimtaje mbwa. Sema hata kuwaona hutaki. Ukishashika ufunguo, nani atakuuliza?"

Basi siku ya ishirini na nane, kwenye nyumba ya saba, fundi aliumeza ukweli. Ilikuwa nyumba ndogo yenye ua na lango la bati, na mwenyewe, mkunga mstaafu, alikaa nyumba ya pili yake. Vyumba viwili, na dirisha lenye mwanga mzuri kwa mtu anayefanya kazi na vyuma vidogo. Fundi aliipenda mpaka akaogopa. Mkunga akamuuliza kama ana mbwa.

"Sina, mama," fundi alisema. "Mbwa na mimi hatupatani kabisa."

Alijisikia kama mtu aliyemkana mwanawe. Mkunga akashusha pumzi.

"Basi, baba, tusipotezeane wakati. Wezi wameshaingia hapa mara mbili. Natafuta mpangaji mwenye mbwa."

Fundi akadakia. Alisema ninaye, mama, haki ya Mungu ninaye, yuko kwa shemeji yangu. Mkunga alicheka, wala si kwa ubaya. Tangu juzi, alisema, kila akiwaeleza watu anachotaka, wote wanageuka wenye mbwa. Kuna familia imeahidi kumleta mbwa wao leo saa sita. Naye amlete wake. Atakayeonekana kwanza kwa macho, ndiye atakayepewa ufunguo.

Ilikuwa saa tano na robo. Fundi alikuwa hajakimbia miaka ishirini, lakini siku hiyo alikimbia, mkono mmoja umeshika kofia. Alikuta chumba cha shemeji kimefungwa kufuli. Jirani aliyekuwa akianika nguo alimwambia wametoka wote muda si mrefu, watoto wamevaa nguo za kutokea, na mbwa kaogeshwa na kuchanwa manyoya. Labda wamekwenda kupiga picha, alisema. Simu ya shemeji iliita mpaka ikachoka. Fundi alizunguka barabara mbili akiita "Karani, Karani," na watu wakimtazama wasijue anamtafuta karani gani.

Akarudi kwa mkunga mikono mitupu, amejipanga kuomba aongezewe saa moja tu. Kabla hajaligusa lango, mbwa akabweka upande wa ndani, akaanza kulikwaruza bati kwa kucha kama anataka kulitoboa. Fundi aliijua sauti ile.

Mkunga alifungua lango nusu. Nyuma yake alisimama shemeji na mkewe na watoto. Shemeji alikuwa ameshika ufunguo mkono mmoja, mkono wa pili kamba ya Karani, anaivuta kwa nguvu zake zote, na macho yake yako chini.

"Mnamwona?" mkunga aliwaambia, uso umemchanua. "Mgeni hajaingia, keshamfokea." Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, baba, wako yuko wapi?"