Kabla ya Daraja

Kila Siku ya Mashujaa ukuta wa sebuleni uliwaka wenyewe, na sheria ilitaka kila nyumba itazame filamu ya vita mpaka mwisho. Ilikuwa picha moja ndefu, kamera ikikifuata kikosi cha kweli bila kukatwa popote. Ukuta nao uliwatazama watazamaji. Mmoja akifumba macho, filamu ilirudi mwanzo, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Somoe alikaa mkekani na bintiye Esha, sahani ya mihogo katikati yao. Walitazama hadi kikosi kilipofika kisimani. Hapo Bakiri, kaka yake Esha, alipita mbele ya kamera akijifuta jasho kwa mkono wa shati, huku anacheka. Mbele yake lilikuwa daraja ambalo hakulivuka.

Somoe akafumba macho. Filamu ikarudi mwanzo.

"Mama, hii mara ya tatu," Esha alinong'ona. "Askari watatujia."

"Na waje. Mimi darajani simpeleki."

Kutoka kwa jirani yao, Mama Chande, ukasikika wimbo wa kuondokea kambini, ule wa mwanzo kabisa wa filamu. Punde ukaanza upya nyumba ya pili, kisha ng'ambo ya barabara. Kila nyumba ilikuwa na mahali pake pa kufumba macho.

"Mama, kwani vita viliishaje?"

Somoe alifikiri sana. Mtaa mzima hakumpata hata mtu mmoja wa kumuuliza.

Bakiri akatokea tena kisimani. Safari hii Esha ndiye aliyetangulia kufumba.